Fundi sabufa nataka kujifunza Arduino, nianzie wapi? Na bodi inajirestati kila feni ikiwaka

fundi_sabufa

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi redio na sabufa hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu, kazi nimefundishwa na kaka yangu sio chuo. Kuchomea, kupima na mita, kujua kapasita imevimba, kutafuta transista mbadala pale ya kwake haipo dukani, hivyo vyote siogopi. Ila kuandika programu sijawahi kabisa, kompyuta yenyewe nilikuwa naitumia kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi tu.

Kilichonileta ni hiki. Shangazi yangu anafuga kuku wa kienyeji na ana boksi lake la kutotoleshea mayai, ndani balbu mbili na termostati ya kuzungusha, sasa ile termostati ina wazimu, leo inakata kwenye 36 kesho 39, na kila ikizingua ananipigia simu mimi kwa sababu "wewe si fundi". Nikaona nitengeneze ya kisasa. Nimeenda Kariakoo nimenunua Arduino Uno ya Kichina (bodi ndogo unayoiandikia programu), sensa ya joto DHT11, rilei moja (swichi ya umeme inayowashwa na bodi), skrini ya LCD ya mistari miwili, kifeni cha volti 5 na waya za jampa.

Siku mbili za kwanza laptopu haikuiona bodi kabisa, kumbe waya niliochukua ni ule wa kuchajia tu, ndani una nyaya mbili za moto na graundi, nyaya za data hakuna. Nikabadili waya, nikaweka draiva ya CH340, ile programu ya kuifanya laptopu iongee na bodi, ikakubali. Kale kataa kadogo ka pini 13 kalipowaka na kuzima kwa mara ya kwanza nilimwita mpaka jirani muuza chipsi aje aone, akaangalia akasema "si inawaka tu" akarudi kwenye chipsi zake.

Sasa shida. Nimekopi kodi za YouTube nikaziunganisha tatu kuwa moja. Kila feni ikiwaka na rilei ikilia "ta", skrini inafifia na bodi inaanza upya, mduara hauishi. Umeme nawapa kwa adapta ya king'amuzi ya volti 12 kwenye kile kitundu cheusi. Feni iko pini 9 na graundi, rilei iko pini 7. Ile regileta ndogo kwenye bodi, ya kushusha volti, ukiigusa inaunguza kidole.

Na swali la pili ndio kubwa zaidi, hivi inabidi nisome lugha ya programu ya C yote kwanza ndio nije kwenye haya mambo? Au niachane na Uno niende bodi ya ESP32 maana wengi wanasema ndio ya kisasa? Kingereza changu ni cha kuunga unga, kodi ikikataa yanakuja maandishi mekundu mengi nafunga laptopu nalala. Juzi usiku nimemwambia wife kodi imegoma kupanda, akasema alhamdulillah, kajua mwenye nyumba kaghairi.

Naomba kuwasilisha.

---

mzee_wa_mita

Hahaha hiyo ya kodi nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Fundi, shida yako ya kwanza haina uhusiano wowote na programu. Ni umeme, na wewe umeme unaujua kuliko hao vijana wa YouTube, ni vile tu umeiona hii bodi kama kitu cha kompyuta ukasahau ufundi wako.

Pini ya Uno sio ya kuendeshea mzigo. Ile chipu, ATmega328P, pini moja salama ni miliampia 20, mwisho kabisa 40 na hapo unaiua, tena pini zote kwa pamoja zisizidi 200. Kifeni cha volti 5 kinaweza kula 100 mpaka 200, na pale kinapoanza kuzunguka kinavuta zaidi. Kwahiyo umemwambia mtoto wa darasa la pili abebe gunia. Shukuru pini 9 bado iko hai, ipime kabla hujaendelea.

Alafu hiyo volti 12. Regileta ya kwenye bodi ni ya aina ile ile unayoijua ya 7805, ya ziada inaigeuza moto. Inaingia 12 inatoka 5, saba zinabaki mikononi mwake. Ukivuta miliampia 200 hapo ni wati 1.4 kwenye kidude kisicho na hitisinki, lazima kiunguze kidole. Kikizidiwa volti inashuka, chipu inaona umeme umepungua inajirestati, ndio huo mduara wako.

Fanya hivi. Chukua chaja ya simu nzuri ya volti 5 ampia 2, sio zile za jero zinazopiga kelele kwenye redio. Moto wa feni na moto wa rilei vichukue moja kwa moja kwenye chaja, visipite kwenye bodi. Graundi zote zikutane pamoja, hili wanaoanza wanalisahau alafu wanasema sensa mbovu. Feni iendeshe kwa transista, na najua kwenye kopo lako kuna D882 za kwenye redio za zamani, hiyo hiyo inatosha sana. Emita kwenye graundi, kolekta kwenye waya mweusi wa feni, beisi unaleta pini 9 kupitia rezista ya oumu 470. Na dayodi 1N4007 mgongoni kwa feni, upande wa mstari uangalie chanya, ile feni ni mota ikizimwa inarudisha teke.

Weka na kapasita ya 470 maikrofaradi karibu na rilei. Hiyo sina haja ya kukueleza.

---

dogo_wa_kodi

Mzee kamaliza kwenye umeme mimi naongelea la pili.

Usisome C yote mkuu, hata mimi siijui yote na ndio inanilisha. ESP32 usikimbilie, ni nzuri ina waifai ndani lakini pini zake ni za volti 3.3, ukiileta kwenye vitu vya volti 5 bila kujua unaipika. Uno inavumilia ujinga wetu. Memori yake ndogo kweli, kilobaiti 32 za kuwekea programu na 2 tu za kufanyia kazi, ila kwa boksi la mayai ni nyingi hadi zinabaki.

Vitu vya kuelewa ni vichache. Kila programu ya Arduino ina vyumba viwili, setup na loop. Mchukulie mama ntilie, setup ni asubuhi anawasha jiko, anabandika sufuria, anapanga mabenchi, mara moja tu basi. Loop ni kuhudumia, mteja akija, sahani, mteja akija, sahani, mpaka umeme ukatike. Sasa zile kodi tatu ulizounganisha naamini zimejaa delay, delay ni mama ntilie kusinzia, akisinzia sekunde tano hata moto ukiwaka kwenye pazia hamuoni mtu. Kwahiyo jifunze millis, hiyo ni saa ya ukutani, ananyanyua macho anaangalia "dakika imepita? bado" anaendelea na wateja.

Na usiunganishe kodi za watu. Andika ya kwako mistari kumi, kitu kimoja kimoja. Siku ya kwanza sensa tu, isome iandike kwenye Serial Monitor, kile kidirisha cha laptopu kinachoonyesha maandishi ya bodi, basi, usiguse rilei. Siku ya pili rilei tu, iwake izime. Skrini siku yake. Vikikubali kila kimoja peke yake ndio unavikutanisha. Serial Monitor ndio mita yako kwenye programu, kila usipoelewa kinachoendelea chapisha namba uione, kama unavyogusa probu pointi moja baada ya nyingine ukitafuta sauti imepotelea wapi.

Kuhusu Kingereza, maandishi mekundu yapo mengi lakini yanayojirudia ni mawili matatu. Ukiona *expected ';'* umesahau nukta mkato, na mara nyingi kosa liko mstari wa JUU ya ule anaokuonyesha. Ukiona *was not declared in this scope* anasema hilo jina silijui, kaangalie herufi kubwa na ndogo, digitalwrite na digitalWrite kwake ni watu wawili tofauti. Anza na kosa la kwanza juu, rekebisha, jaribu tena, hayo mengine ishirini ya chini mengi ni watoto wa lile la kwanza.

Majina ya kwako mwenyewe unaweza kuandika Kiswahili, kompaila, ile programu inayoitafsiri kodi yako kwa bodi, haina ubaguzi. Moyo wa boksi la shangazi ni huu:

```
float joto = somaJoto();
if (joto < 37.3) washaTaa();
if (joto > 37.7) zimaTaa();
```

Kwanini namba mbili na sio 37.5 peke yake? Kwa sababu joto likicheza pale pale 37.5 rilei itakuwa ta-ta-ta-ta usiku kucha, itakufa mapema. Hapo katikati inabaki ilivyokuwa.

Kama huna bodi karibu tumia Wokwi au Tinkercad, unajaribu kwenye mtandao bila kuunguza kitu, bure.

---

bahari_mbili

Ndugu yangu hayo yote ya nini? Nunua W1209, kitermostati cha tayari, kina rilei yake na sensa yake na kinaonyesha namba, unafunga nusu saa unaenda kulala. Mimi hapa Mombasa nimewafungia watu kadhaa. Programu kwa ajili ya mayai ni kujitafutia presha.

---

kuku_na_mayai

Naomba nami niongee maana nyie wote mnaongelea bodi hakuna anayeongelea yai.

Dogo, mwanangu, hiyo kodi yako ya mistari mitatu ndiyo iliyoniunguzia mayai 48. Neno kwa neno. Nilikuwa na DHT22, sensa ya joto na unyevu, siku ya kumi na nne waya wa sensa ukalegea ndani ya mashine kwa sababu ya unyevu na mimi kufungua fungua mlango. Sensa ikikosa kusomeka ile laibrari, yaani kodi ya tayari ya kusomea sensa, haikupi sifuri wala haisimami, inakupa kitu kinaitwa nan, yaani sio namba. Sasa mwulize Arduino, hii sio-namba ni ndogo kuliko 37.3? Anasema hapana. Ni kubwa kuliko 37.7? Hapana. Kwahiyo hafanyi chochote, taa inabaki ilivyokuwa, na wakati ule ilikuwa imewaka. Nimeamka asubuhi nimefungua mlango joto limenipiga usoni kama nimefunua chungu cha wali. Nimevunja moja limeiva. Vifaranga walikuwa wameshaota mpaka manyoya, nililia siwafichi.

Ukihamia DS18B20, sensa nyingine ya joto, nayo ina lake. Ikikatika waya ile laibrari yake inarudisha -127, programu inaona heee kuna baridi hapa, inawasha taa haizimi tena. Hiyo ni mbaya kuliko ile ya kwanza.

Na fundi hiyo DHT11 itoe kabisa, weka kwenye kitu kingine. Inaruhusiwa kukosea mpaka digrii 2 juu au chini, mashine yako itakuandikia 37.5 kumbe ndani ni 39.5, yai halivumilii hiyo kwa siku nyingi. Chukua DS18B20 kwa joto, hiyo kukosea kwake ni nusu digrii, weka ile rezista ya kilooumu 4.7 kati ya waya wa data na volti 5 la sivyo haisomi. Unyevu DHT22. Alafu nenda duka la dawa ununue themomita ya kupimia homa, weka ndani karibu na sensa, linganisha. Ile inasoma eneo hilo hilo la 35 mpaka 42 tunalolitaka, nusu digrii ya kukosea unaisahihisha hapo. Kama ni ya zebaki kumbuka haishuki yenyewe, inashika kile cha juu kabisa ilichokutana nacho, itikise kabla hujapima tena.

Sensa iwe usawa wa mayai, sio chini ya balbu. Siku 18 za kwanza unyevu wa 50 hadi 60 hivi, siku tatu za mwisho upandishe mpaka 65 au 70 na usigeuze tena mayai. Siku ya 21 ndio wanagonga.

Na wewe wa Mombasa hujakosea sana. Nitasema inakwenda wapi hiyo W1209: ifunge kama mlinzi wa pili. Arduino inaendesha kazi ya kila siku, ile W1209 iseti 38.5 ikate waya wa balbu bila kumuuliza Arduino. Mimi sasa nafanya hivyo, silali tena na wasiwasi.

---

dogo_wa_kodi

Mama nisamehe. Kweli nimeandika kama naonyesha darasani, sio kama kitu kitakachokaa na mayai ya mtu siku 21.

Fundi juu ya zile mistari miwili ya if weka hii:

```
if (isnan(joto) || joto < 10 || joto > 45) {
  zimaTaa();
  pigaKelele();
  return;
}
```

Maana yake sensa ikisema kitu ambacho hakiwezi kuwa kweli, zima taa, liza baza, usiendelee. Ile -127 inadakwa na hapo, na kuna 85 ambayo DS18B20 huwa inaitoa ikiwashwa kabla haijapima, nayo inadakwa. Mayai yakipoa kidogo wakati unakuja kuangalia yana nafuu, yakichemka hayana.

---

mzee_wa_mita

Na upande wa 230 naomba usilete mazoea. Rilei ikate laivu sio nyutro, maana ukikata nyutro balbu inazima lakini holda bado ina moto na shangazi atakuja kubadili balbu na mkono umelowa. Fyuzi mbele. Vile viskrubu vya buluu kwenye bodi ya rilei chini yake pini za risasi ziko wazi, usiilaze juu ya bati wala kubandika kwenye ukuta wa boksi lenye unyevu, iweke nje kwenye kiboksi chake cha plastiki.

---

fundi_sabufa

Wakuu nimerudi, wiki imepita.

Kwanza D882. Nimetoa kwenye redio kaseti moja iliyofia kwangu mwenyewe hajarudi, nimefunga kama mzee alivyosema, chaja ya simu ya ampia 2. Haijarestati hata mara moja. Pini 9 nimeipima nzima. Nimejiona mjinga kwa kweli maana mteja angeniletea amplifaya yenye kosa hilo ningeliona kwa macho.

Nimefuta kodi zote za YouTube nimeanza sensa peke yake. Nilikaa na Serial Monitor kama mtu anaangalia mpira, nikishika sensa kwa vidole namba inapanda 29, 30, 31, nikiachia inashuka. Hapo ndio kitu kiliniingia kichwani kuliko video zote. Kuandika mistari hiyo ya if kwa Kiswahili kumenisaidia sana, naisoma naelewa, mwanangu wa darasa la sita kaisoma naye kaelewa.

Themomita ya duka la dawa inasema 37.6, DS18B20 inasema 37.3. Nimejumlisha 0.3 kwenye kodi. Saivi ndani nimeweka chupa nane za maji badala ya mayai, siku ya tatu leo, nimechomoa waya wa sensa makusudi, baza imelia taa imezima. Shangazi anataka kuweka mayai kesho nimemwambia asubiri.

Mambo mawili yamebaki. Umeme ukikatika ukarudi, rilei inalia mara moja na balbu zinawaka kidogo kabla programu haijaanza, kwanini? Na nimeweka kuhesabu siku kwenye skrini ili ajue siku ya 18 imefika, umeme ukikatika inarudi siku ya 1. Jana imekatika mara tatu.

---

dogo_wa_kodi

La kwanza, rilei nyingi za Kichina zinawaka ukiipa LOW (volti 0) na kuzima ukiipa HIGH (volti 5), kinyume na akili inavyotaka. Ukiandika pinMode, ile amri ya kuifanya pini iwe ya kutoa umeme, kwanza pini inaanza na LOW kwa muda mfupi, hiyo ndio "ta" unayoisikia. Kwenye setup tanguliza digitalWrite ya HIGH, ndio ifuate pinMode. Inakaa kimya.

La pili ni kwa sababu millis inaanza sifuri kila bodi ikiwaka. Ndani ya Uno kuna kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, EEPROM, kilobaiti 1. Andika humo saa ngapi zimepita, mara moja kwa saa, sio kila mzunguko wa loop, maana kila kachumba kanahakikishiwa kuandikwa mara 100,000 na loop bila breki inazimaliza hizo haraka sana. Mara moja kwa saa kwa siku 21 ni mara 504 tu. Umeme ukirudi unasoma ulipoishia. Muda ambao umeme haukuwepo hautahesabiwa ila kwa mikatiko midogo sio mbaya, ukitaka kamili nunua kale kasaa ka DS3231 kenye betri.

---

kuku_na_mayai

Mimi siku naandika kwa makapeni kwenye mlango wa mashine. Haijawahi kurudi siku ya 1.

---

fundi_sabufa

😂😂 Mama nimechukua makapeni. Ila EEPROM nitaijaribu Jumapili, nimeshaonja.